Kushuka kwenye kisiwa kidogo kisichokaliwa na mtu, kulala usiku mmoja na kutoka salama

Naongelea vile visiwa vidogo kabisa, kile unachoweza kukizunguka kwa miguu dakika 20 bila haraka, kimekaa mbele ya pwani ya tropiki ile ya majabali, hakuna gati, hakuna ufukwe mrefu, mawimbi yanapiga mwamba na juu kuna vichaka na miti michache iliyoinamishwa na upepo. Hakuna mtu, hakuna kisima, simu mara nyingi haishiki. Wengi wakipata hamu ya kwenda huko swali la kwanza ni wabebe hema gani, mi nakwambia swali la kwanza ni utatokaje, maana saa ya kushuka unaichagua wewe lakini saa ya kutoka inachaguliwa na maji na upepo, na karibu kila balaa niliyoiona kwenye visiwa hivi ilianzia kwa mtu aliyepanga kufika tu.

Kabla ya yote: kina mwenyewe

Kisiwa kukosa watu haimaanishi hakina mwenyewe. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 kila nchi ya pwani ina bahari yake mpaka maili 12 za baharini, kama kilomita 22, kwa hiyo kale kajiwe unakokaona kwa macho kutoka nchi kavu kako chini ya serikali fulani hata kama hakana jina kwenye ramani yako. Inaweza kuwa hifadhi, inaweza kuwa eneo la jeshi, inaweza kuwa mali ya mtu au ya ukoo, inaweza kuwa mahali pa ibada pa watu wa pwani ile. Ulizia kwa mamlaka ya hifadhi au bandari, pata ruhusa ya maandishi ukiweza, na uulize kama kuna miezi inayofungwa kwa ajili ya ndege au kasa kuzaa.

Na kuna visiwa ambavyo jibu ni hapana na linabaki hapana. Brazil wana Ilha da Queimada Grande, kisiwa cha kama hekta 43 nje ya pwani ya jimbo la São Paulo, ndo makazi pekee duniani ya nyoka mmoja mwenye sumu kali, Bothrops insularis. Umma hauruhusiwi kushuka, wanaenda wanamaji na watafiti wenye kibali basi. Sheria ile inamlinda mtu na inamlinda nyoka pia, maana akiisha pale ameisha dunia nzima.

Ukishapata ruhusa tafuta wavuvi wanaopita pale. Usiwaulize "kuna hatari?" watakwambia hapana kwa sababu wao wamezoea, waulize "mnashukia upande gani, maji yakiwa wapi, na msimu gani hamsogei kabisa?" Hayo majibu matatu hakuna apu ya simu itakayokupa. Na kama mmoja wao anakubali kuwa nahodha wako mpe kazi yeye, hata kama wewe unajua kuendesha boti vizuri.

Maji kujaa na kupwa, hapa usiharakishe

Pwani nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, toka kupwa mpaka kujaa ni kama masaa 6 na dakika 12 hivi, ndo maana kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Kuna sehemu chache yanajaa mara moja tu kwa siku, kwa mfano baadhi ya pwani za Ghuba ya Mexico, kwa hiyo tumia jedwali la eneo lenyewe usikariri la kwingine. Mwezi ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu yanakuja maji ya bamvu, yanajaa juu sana na kupwa chini sana, mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo na mikondo inapoa. Safari ya kwanza kwenye kisiwa usichokijua nenda kipindi cha maji mafu. Mi bado nafanya hivyo mpaka leo.

Kitu kinachowaponza watu ni kudhani maji yanapanda kwa mwendo mmoja. Hayapandi hivyo. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa 12: saa ya kwanza yanapanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Sasa kama tofauti ni mita 3, ile saa ya tatu na ya nne kila moja inapandisha sentimita 75, yaani umekaa kwenye kimchanga chako unaona maji yako mbali, unageuka kutafuta kofia, unarudi mabegi yanaelea. Hesabu hii ni ya makadirio na inafaa pwani za maji mara mbili kwa siku, ila ikae kichwani.

Alafu lazima ujue kisiwa chako ni cha aina gani, maana ushauri unageuka. Kama kimezungukwa na mwamba wa matumbawe uliolala bapa, maji yakipwa ule mwamba unatokeza na boti haipiti, kwa hivyo dirisha lako ni masaa mawili au matatu kabla na baada ya maji kujaa. Kama ni jabali linalozama wima na kamchanga kadogo katikati ya mawe, hapo ni kinyume, maji yakijaa kamchanga kanafunikwa na wimbi linapiga ukuta moja kwa moja, unashuka maji yakiwa chini. Ukikosea aina umekosea siku nzima.

Iliwahi kutukuta kwenye kile cha matumbawe. Maji yalijaa saa nne asubuhi, tukapita juu ya mwamba vizuri kabisa, tukajisahau na kuzungukazunguka mpaka saa saba mchana, kurudi boti imekaa juu ya mawe kama imeegeshwa. Ikabidi tusubiri maji yapwe mpaka saa kumi na yarudi tena mpaka pale yalipotuacha, ikawa saa moja na zaidi usiku ndo tunaelea, watu wanne na lita mbili za maji ya kunywa, alafu tunatoka gizani katikati ya mwamba tusioujua. Tulifika, lakini kuna mwenzetu mmoja alikuwa ameshaanza kutapika kwa jua. Toka siku hiyo nikishuka naweka alamu mbili kwenye simu, moja ya nusu saa kabla ya mwisho wa dirisha, na moja ya mwisho wenyewe, na hiyo ya kwanza ikilia tunafunga mizigo hata kama kuna mtu bado anapiga picha.

Kama una namna ya kuchagua, ingia maji yakiwa yanapanda. Ukigusa jiwe wakati yanapanda, subiri kidogo yatakuinua. Ukigusa wakati yanashuka umekwama, kila dakika unazidi kukwama.

Kuvuka

Nchi kavu ikishapata jua hewa yake inapanda na upepo wa baharini unaanza kuvuta kuelekea pwani, kwa kawaida kuanzia kabla ya adhuhuri na unakuwa mkali mchana. Asubuhi mapema ndo bahari imetulia, ondoka hapo, na kurudi kwako kupangwe asubuhi ya siku ya pili pia, ndo maana napenda kulala usiku mmoja kuliko kwenda na kurudi siku ile ile na kukutana na upepo wa saa tisa.

Ule mlango kati ya kisiwa na bara uheshimu. Maji mengi yanabanwa kwenye nafasi ndogo, mkondo unakimbia kuliko bahari ya wazi, hasa katikati ya kujaa na kupwa. Mkondo ukienda huku na upepo ukaja kinyume chake, mawimbi yanasimama wima na kukaribiana, boti ndogo inajaa maji kwa dakika chache. Ukiona mlango umegeuka mweupe na upepo si mkali sana, jua ndo hiyo, subiri maji yatulie yanapogeuka.

Laifu jaketi inavaliwa, haikaliwi.

Kusoma mawimbi na kushuka

Zunguka kisiwa chote kwanza ukiwa mbali. Upande wa joshi, yaani unaopigwa na upepo, sahau. Nenda demani, upande uliojikinga. Lakini usiamini kwamba nyuma ya kisiwa kuna utulivu tu kwa sababu ni nyuma: mawimbi yanapinda kufuata kina, yanazunguka kisiwa pande zote mbili na kukutana kule nyuma, kwa hiyo unaweza kuona mahali pametulia, ghafla mawimbi mawili yanagongana na maji yanaruka juu. Mara nyingi hapo yanapokutana ndo mchanga unarundikana na kutengeneza ule ulimi mweupe mzuri unaouona kwenye picha. Ni mzuri kweli, na siku ya mawimbi makubwa ni mahali pabaya pa kuleta boti.

Sasa simama, zima haraka zako, angalia dakika 15 mpaka 20 bila kufanya chochote. Mawimbi yanakuja kwa makundi, yatapita madogo madogo dakika kadhaa alafu yanakuja makubwa matatu manne mfululizo. Mtu asiyesubiri anashuka kwenye yale madogo na makubwa yanamkuta katikati. Hesabu pia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Zikiwa 5 au 6 ni mawimbi ya upepo wa karibu, yanasumbua ila nguvu yake si kubwa. Zikifika 14 au 15 hayo yametoka mbali sana, huko nje yanaonekana kama bahari inapumua tu, yakigusa mwamba yanainuka ukashangaa yalikuwa wapi. Siku ya sekunde nyingi mi sishuki kwenye jabali. Nazunguka, naangalia ndege, narudi, na siku hiyo sihesabu kama imepotea.

Angalia mwamba wenyewe. Visiwa vya mawe ya chokaa vinaliwa na bahari pale usawa wa maji, chini panaingia ndani na juu panabaki kama ukumbi, kisiwa kinafanana na uyoga. Kamwe usipeleke boti chini ya ule ukumbi, wimbi likiinua boti litaibana na dari. Rangi nazo zinasema: utando mweusi au wa kijani unateleza vibaya hata ukionekana umekauka, ule mstari wenye vigamba vyeupe vilivyoshika mwamba unakamata kiatu vizuri ila ukianguka unachana ngozi, kwa hiyo viatu vya soli ngumu na glovu za kazi vinavaliwa kabla hujafika, usivitafute begini ukiwa umeshika jiwe.

Namna tunavyoshuka sisi ni hivi. Nanga inatupwa huko nje kwenye mchanga, usitupe juu ya matumbawe hai, kamba inalegezwa taratibu huku boti inarudi kinyumenyume, omo inaangalia baharini na tezi inaangalia kisiwa. Kamba iwe ndefu angalau mara tano ya kina, bahari ikichafuka mara saba, na kina unakipima cha maji yakijaa maana yatajaa. Hivyo mawimbi yanapokelewa na omo na nahodha akiona kundi kubwa linakuja anavuta kamba anatoka, haitaji kugeuza boti. Anatangulia mtu mmoja mwepesi asiye na mzigo, anapanda wimbi likiwa limeinua boti juu kabisa, anahama kwa kukanyaga, haruki. Wengine wanafuata mmoja mmoja. Mizigo ni ya mwisho, iko kwenye mifuko isiyoingiza maji, inavutwa kwa kamba. Mtu asikae kati ya boti na mwamba hata sekunde moja, hata kusaidia kusukuma, boti ndogo ikiwa na injini ina uzito wa kuvunja mguu bila hata kutikisika. Na ukiwa unashuka karibu na tezi injini izimwe na panga lake la kusukuma maji liinuliwe.

Nahodha abaki na boti au arudi bara, boti isiachwe peke yake usiku mzima upande ambao upepo unaweza kugeuka.

Ukilazimika kutembea majini sehemu ya mchanga buruza miguu, usiinue, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, analala mchangani na akihisi mtikisiko anaondoka mwenyewe.

Maji ya kunywa na vitu vya kubeba

Visiwa vikubwa vya mchanga au matumbawe huwa vinashika maji ya mvua chini ya ardhi, yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, na kwa kanuni kila mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inasimamia karibu mita 40 chini yake. Inasikika kama utajiri, lakini kwenye kisiwa cha dakika 20 hapana upana wa kutosha, chumvi inaingia pande zote. Usichimbe. Hesabu ni zero, beba yote.

Mi nabeba lita 5 kwa mtu kwa siku, na siku moja ya ziada ambayo haiguswi, kwa hiyo usiku mmoja wa watu wawili ni lita 30, na yawe kwenye madumu kadhaa maana dumu moja likipasuka kwenye kushuka umemaliza safari. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, figo haziwezi kutoa chumvi nyingi hivyo kwenye mkojo, kila kikombe unachokunywa kinakuchotea maji zaidi ya yale uliyoingiza. Beba na pakiti za chumvi na sukari za mtu aliyeharisha, ni nyepesi na zinasaidia hata mtu aliyechoka na jua.

Chakula kiwe kisichohitaji kupikwa, maganda na plastiki za nje ziachwe bara. Jiko dogo la gesi libebe hata kama huli cha moto, sababu yake ni hii: ukikanyaga samaki-jiwe, yule mwenye miiba ya sumu anayefanana na jiwe, au ukachomwa na taa, kitu kinachotuliza yale maumivu ni maji ya moto, kama nyuzi 45 hivi, unayajaribu kwanza kwa mguu mzima au mkono wako ili usimuunguze mtu, anatumbukiza sehemu iliyochomwa dakika 30 mpaka 90, na hapo hapo mnaanza mipango ya kumpeleka hospitali. Bila jiko huna maji ya moto. Moto wa kuni usiwashe, yale magogo yaliyosukumwa na bahari ndo kivuli cha kaa na vifaranga, na vichaka vile vidogo ndo vinashika mchanga usiondoke.

Jua linakupata toka juu na toka kwenye maji. Nguo za mikono mirefu zinafanya kazi kuliko losheni, na ukitumia losheni angalia kilichomo, Palau walipiga marufuku losheni zenye kemikali zinazodhuru matumbawe mwaka 2020 na Hawaii wakafuata 2021 kwa oksibenzoni na oktinoksati.

Samaki wa kwenye mwamba usimvue kwa ajili ya kula kama hujui eneo. Chewa mkubwa, mkunga na mzia wa baadhi ya maji ya tropiki wanabeba sumu ya siguatera, samaki ananukia vizuri, ana ladha nzuri, na kupika hakuiondoi. Na yale makonokono mazuri yenye umbo la koni usiokote kwa mkono, kuna aina zinazochoma na zimeshaua watu.

Pa kulala

Tafuta mistari ya takataka ambayo maji yameacha, majani makavu, vijiti, povu gumu. Itakuwepo zaidi ya mmoja. Wa juu kabisa, ule uliochakaa na kuanza kuota majani, ndo wa bamvu au dhoruba, lala juu ya huo. Kama hakuna sehemu juu ya huo, basi kisiwa hicho si cha kulala.

Usilale chini ya mnazi wenye nazi, usilale chini ya jabali lenye vipande vipya vilivyoanguka. Ukiwa Karibi, Florida au Amerika ya Kati jifunze kuutambua mti wa Hippomane mancinella kabla hujaondoka, una matunda madogo kama tofaa bichi ufukweni kabisa, utomvu wake unababua ngozi na hata kujikinga mvua chini yake matone yanakuunguza. Visiwa vya Bahari ya Hindi na Pasifiki navyo vina yule kaa mkubwa wa minazi, Birgus latro, anafika kilo 4, ndo mkubwa kuliko wadudu na kaa wote wa nchi kavu, hana ubaya na mtu ila ana hamu ya kila chenye harufu, usiku atabeba kiatu au sufuria. Ning'inize vitu. Muangalie kwa mbali, usimshike, kaa mkubwa vile ameishi miaka mingi sana.

Vigingi vya hema havishiki mchangani, jaza mchanga mifuko, ufunge kamba, uifukie. Chandarua kiwe cha matundu madogo kwa ajili ya usubi, hao ni wabaya kuliko mbu. Radi ikianza kusikika hesabu sekunde toka umeme mpaka mngurumo, kila 3 ni kilomita moja, zikishuka chini ya 30 shuka sehemu ya chini, mbali na mti mrefu uliosimama peke yake, chuchumaa mbalimbali msikae kundi moja.

Wenyeji wa pale

Hapa ndo naomba usome pole pole. Kisiwa kinaitwa hakina watu, lakini kimejaa. Ndege wa baharini wanachagua vijiwe kama hivi kwa sababu moja tu, hakuna wanyama wa kuwala. Wengi wanataga yai moja tu kwa msimu, na aina nyingine za buabua wanalitaga chini kabisa, juu ya mchanga au mwamba mtupu, rangi yake kama mwamba. Mama anapokaa juu yake mchana anakuwa anampa kivuli kuliko joto. Ukimfukuza kwa kusogea, jua la tropiki linalipika lile yai muda mfupi tu, na wewe huko unafurahia ndege walivyoruka wengi na kupendeza. Kwa hiyo ndege wakianza kuinuka au kukupigia kelele, rudi ulipotoka kwa njia ile ile uliyoijia, usizunguke mbele kutafuta njia nyingine maana hujui unakanyaga nini. Dron usirushe.

Na kuna hili la panya. Panya akishuka na mzigo wako usiku mmoja, miaka michache baadaye kisiwa kimenyamaza. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, walilinganisha visiwa 6 vyenye panya na 6 visivyo na panya, wakakuta visivyo na panya vina ndege wengi mara 760 zaidi, na kinyesi cha ndege kinashuka na mvua mpaka baharini kinarutubisha mwamba, samaki wanakua haraka na uzito wao wote ulikuwa karibu nusu tena zaidi ya kule kwenye panya. Yaani panya mmoja mwenye mimba kwenye begi lako anagusa mpaka samaki. Ndo maana mi nafungua kila begi bara, kwenye sakafu nyeupe, mchana, natikisa hema, nakung'uta viatu, natoa mbegu zilizonasa kwenye soksi na nyuzi, naangalia sisimizi kwenye masanduku ya chakula, alafu nafunga na silifungui tena mpaka kisiwani. Dakika 40 zinatosha.

Kama kuna mchanga mzuri unaopanda taratibu, chukulia kwamba ni wa kasa. Usiweke hema hapo, usichimbe, usiache mashimo. Mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili, na joto la mchanga ndo linaamua, ukiwa juu ya nyuzi 29 hivi wanatoka majike wengi, chini yake madume wengi. Watoto wakitoka usiku wanafuata mwanga wa upeo wa bahari, taa yako nyeupe inawageuza waelekee kwako. Tumia taa nyekundu, hafifu, na muda mwingi zima kabisa. Ukikuta kasa mama anapanda kaa chini ulipo, usisogee, usipige picha ya mwanga. Anaweza kuchukua saa moja mpaka mbili. Niliwahi kukaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, nikimsikia anavyohema, na sijawahi kusikia kitu kama kile sehemu nyingine yoyote.

Kinyesi cha watu kinabebwa kurudi, kwenye mifuko miwili ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kisiwa kidogo hakina udongo wa kukimeza.

Mawasiliano

Kabla ya kuondoka mwachie mtu mmoja wa bara karatasi: mko wangapi, kisiwa gani, mnashukia upande gani, boti rangi gani, mtarudi saa ngapi, na saa ngapi asiposikia kitu apige simu na ampigie nani. Hiyo saa ya mwisho ndo muhimu, usimwachie aamue mwenyewe maana ataogopa kusumbua watu. Redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16 ndo ya dharura. Kifaa cha dharura cha satelaiti cha 406 MHz ukiweza kukipata, kisajiliwe kwa jina lako. Filimbi, kioo kidogo, taa. Ishara tatu za kitu chochote, miluzi mitatu, mioto mitatu, inaeleweka kama wito wa msaada.

Kutoka

Amka kabla ya jua. Angalia maji dakika 15 kama ulivyofanya wakati wa kushuka, ni bahari nyingine hii, upepo wa usiku umeibadilisha. Mizigo inatangulia, mtu wa mwisho ndo yule mwepesi aliyeshuka wa kwanza. Kabla hajapanda anapita sehemu ya kambi mara mbili, mara ya pili akiwa ameinama, anaokota hata kipande cha uzi, na anaondoka na takataka za bahari kadiri mfuko unavyojaa.

Kama bahari haitaki, hamtoki. Ile siku ya ziada ya maji ya kunywa niliyokwambia usiiguse, ndo inafunguliwa sasa, mnarudi kivulini, mnampigia mtu wa bara au mnamwita kwa redio kwamba mko salama na mnasubiri maji mengine, na nahodha akisema bado, ni bado.

Mkishafika bara kabla hata ya kuoga piga simu kwa yule mwenye karatasi.